Ukurasa mmoja, anwani kibao: mambo ya kuzingatia kabla ya kuzigusa

Ukurasa mmoja wa tovuti unaweza kufunguka kwa anwani kadhaa bila mwenyewe kujua: ya http na ya https, yenye www na isiyo nayo, inayoishia kwa mkwaju (/) na isiyoishia nao. Kwako ni ukurasa uleule. Kwa mtambo wa kutafuta, kila anwani inahesabiwa peke yake hadi ithibitike vinginevyo. Wengi huogopa adhabu. Kwa marudio ya kawaida hakuna adhabu, ila Google itajichagulia anwani ya kuonyesha, na huenda isiwe ile uliyoitaka.

Kwa hiyo anza kwa kuorodhesha. Andika anwani ya mwanzo kwa namna zote nne za http, https na www, uone kama zote zinakufikisha mahali pamoja. Jaribu na herufi kubwa: jina la tovuti halizijali, lakini kinachofuata baada yake huweza kuzijali, hivyo /Viatu na /viatu huhesabiwa mbili. Kisha zitafute zenye alama ya kuuliza, maana huko ndiko marudio yanakozaliana. Vichujio vitatu tu vya kupunguza orodha, kama rangi au saizi, kila kimoja kikiwa na machaguo manne au kikiachwa wazi, huzaa anwani 125 za orodha moja. Hapo hujaongeza utm_source za matangazo, yaani vile viambatisho vya mwisho wa anwani vinavyoonyesha mgeni ametokea wapi.

Ukishaijua idadi, teua anwani kuu. Iwe ya https. Www uiweke au uiache, ni hiari yako, mradi usigeuke kesho.

Anwani isiyohitajika tena ielekeze kwenye kuu kwa msimbo wa seva 301, ambao ni wa kudumu, si 302 ambao ni wa muda. Inayolazimika kubaki wazi, kama zile za vichujio zenye orodha ileile, itie lebo ya rel="canonical", mstari ndani ya msimbo wa ukurasa unaoutajia mtambo wa kutafuta anwani kuu. Lebo hii ilitangazwa mwaka 2009 na Google, Yahoo na Microsoft, na Google huichukulia kama dokezo, si amri. Ndiyo maana viungo vya ndani na ramani ya tovuti (sitemap, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako) navyo vitaje anwani kuu hiyohiyo. Lebo ikisema hivi na menyu ikisema vile, umejipinga mwenyewe.

Mtego unaonasa hata wazoefu ni robots.txt, faili linaloziambia roboti za mitambo ya kutafuta zisiingie wapi. Mtu anaweka lebo, halafu anazifungia roboti anwani hizohizo. Roboti isiyoingia haiwezi kuisoma lebo iliyo ndani.

Kabla ya kuwasha uelekezaji, hifadhi nakala ya mipangilio ya seva. Hakikisha kila anwani ya zamani inaruka mara moja tu hadi ya mwisho; Googlebot, roboti ya Google, hufuata miruko hadi 10, lakini hiyo si sababu ya kuipangia ngazi. Uelekezaji wenyewe uache angalau mwaka mmoja. Mwisho, fungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, kagua kurasa zako muhimu, na uandike pembeni anwani uliyoitaja wewe na ile iliyochaguliwa na Google, ili baada ya wiki chache uwe na cha kulinganisha.