Somo: Kufufua Steshenwagoni Kuukuu Bila Kuifutia Umri Wake

Somo hili ni la mwenye steshenwagoni ya zamani anayetaka gari lake litembee kwa usalama na lisiendelee kuoza, lakini libaki na sura lililoipata kwa kazi. Steshenwagoni ni gari la kubebea. Hata jina lake lilitokana na magari ya Marekani yaliyokuwa yakichukua abiria na mizigo yao kwenye stesheni za reli. Ukiitazama iliyotumika miaka arobaini utaikuta kazi hiyo mwilini mwake: ukingo wa nyuma ambako masanduku yaliburutwa umebaki chuma kitupu kinachong'aa, rangi iliyo chini ya kitasa cha mlango wa nyuma imejaa vimistari vya pete na kucha, na sehemu ya kuegemeza kiwiko cha dereva imelika upande mmoja tu. Rangi mpya ikishapita juu ya alama hizo, hakuna fundi awezaye kuzirudisha. Ndiyo maana Hati ya Turin ya FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, iliyopitishwa mwaka 2012, inatanguliza kuhifadhi kuliko kutengeneza upya.

Kabla ya kushika spana, jifunze kutofautisha uchakavu uliotulia na uharibifu unaoendelea. Rangi iliyopauka, mchubuko wa zamani uliokauka na kitambaa kilicholainika kwa kukaliwa vimetulia, viache. Kutu inayotutumua rangi kutoka chini, mpira unaovujisha maji na waya uliochunika vinaendelea kuharibu. Visimamishe, hata kama macho yako yamekwisha kuvizoea na kuvipenda. Ama breki, usukani, matairi, mikanda ya usalama na njia za mafuta, havimo kabisa katika mjadala wa ukongwe.

Hatua ya kwanza: picha na ukaguzi

Piga picha kabla hujaosha. Elekeza taa kutoka ubavuni, kwa kuwa mwanga wa pembeni huonyesha mabonde na viraka ambavyo mwanga wa mbele huvificha. Baada ya kuosha kwa sabuni laini, pima unene wa rangi kwa kifaa chake. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa na mikroni (sehemu za elfu za milimita) 100 hadi 150 hivi. Ukikuta 300 na kuendelea, sehemu hiyo imeshapakwa tena, na kipimo kikizidi hapo kwa mbali, chini yake kuna pati, yaani kizibio cha kusawazishia mabonde ya bodi. Kama huna kifaa, chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, maana inaposhika kwa ulegevu kuna pati.

Kisha inua kapeti. Steshenwagoni ina maficho yake ya kutu: sehemu ya chini ya mlango wa nyuma, ukingo wa mpira wa vioo virefu vya ubavuni, shimo la tairi la akiba, madigadi kwa ndani, mifereji ya paa, na boksi la chuma lililo chini ya milango. Dunga taratibu kwa bisibisi. Chuma kizima hutoa mlio mkavu, lakini kilichooza hunyamaza na kubonyea.

Hatua ya pili: usalama kwanza

Gari lililolala muda mrefu lisiwashwe kwa papara. Toa plagi, tia mafuta kidogo ya injini katika kila silinda, yaache yapenye, halafu zungusha injini kwa mkono mpaka uhakikishe kwamba haijakwama. Badilisha mipira yote ya mafuta, kwa sababu petroli ya siku hizi yenye ethanoli hula mipira ya zamani, na tone moja juu ya ekzosi ya moto linatosha kuteketeza gari zima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo yamwage yote na uweke mapya, kisha uyabadilishe kila baada ya miaka miwili. Vumbi lililo ndani ya dramu za breki za zamani huenda lina asbesto; lilowanishe na ulifute, usilipulize kwa upepo wa kompresa. Kuhusu matairi, soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, nalo liondoke hata kama kashata zake bado ni nzima.

Sasa niseme jambo linalohusu steshenwagoni hasa, ambalo wengi hulipuuza. Mgongo wake uliosimama wima huacha hewa nyepesi nyuma ya gari linapokwenda, na hewa hiyo huvuta moshi wa ekzosi kuelekea mlango wa nyuma. Mpira wa mlango huo ukiwa umekauka, gesi ya kaboni monoksidi huingia ndani, nayo haina harufu wala rangi, na wa kwanza kuivuta ni watoto walioketi kiti cha nyuma kabisa. Chukua ukanda wa karatasi, ufungie kwenye mlango, kisha uvute. Rudia kila baada ya sentimita kumi kuzunguka mlango mzima, na pale ambapo karatasi inatoka bila kukazwa, ndipo moshi unapopita. Katika Peugeot 504 yangu karatasi ilitoka kama iliyopakwa sabuni kwenye pembe zote mbili za chini, ingawa mpira ulionekana mzuri. Nilinunua mpira mpya siku hiyo hiyo. Usiendeshe ukiwa umeacha kioo au mlango wa nyuma wazi, na ekzosi isiwe na tundu popote.

Hatua ya tatu: kutu

Kutu ya juujuu, ile ya rangi ya chungwa ambayo haijatoboa, unaweza kuisafisha kwa asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji, kwani huondoa kutu bila kuhitaji msasa na rangi ya pembeni hubaki. Ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, halafu suuza kwa maji mengi na ukaushe mara moja.

Penye tundu, msasa na pati havisaidii. Kata chuma kibovu mpaka ufike kwenye chuma kizima na uchomelee kipande kipya, lakini fanya kazi kutokea chini au ndani kila inapowezekana, ili bati la nje libaki na rangi yake. Chomelea nukta moja moja ukihama huku na huku, na uweke kitambaa kibichi kando ili joto lisibabue rangi. Ondoa betri na ushushe tangi la mafuta kabla ya cheche ya kwanza. Ukimaliza, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya maboksi, na uhakikishe matundu ya kutolea maji yako wazi, la sivyo utakuwa umefungia maji humo.

Hatua ya nne: rangi

Magari mengi ya enzi hizo yana rangi isiyofunikwa na vanishi ya juu. Utaijua kwa kuisugua kidogo kwa dawa ya kung'arishia, maana kitambaa kitashika rangi ya gari. Rangi ya namna hiyo hupauka juu tu, na chini ya utando mweupe kuna rangi hai. Fanya kazi kwa mkono na kwa dawa laini kuliko zote, na uridhike mapema. Lengo ni kulisha rangi na kuilinda kwa nta. Mng'ao wa maonyesho hauhitajiki.

Mimi nilikosea hapa. Nilipitisha mashine kwenye mkunjo wa boneti, ambako rangi huwa nyembamba kuliko penginepo pote, na nikatazama kitambaa kikibadilika kutoka buluu kuwa kijivu. Kijivu kile kilikuwa praima, rangi ya msingi inayopakwa chini ya rangi yenyewe. Mstari wenye urefu wa kiganja, uliokuwa umevumilia jua la miaka mingi, niliumaliza kwa sekunde chache, na bado naujutia. Tangu siku hiyo mikunjo na kingo nazifunika kwa utepe kwanza.

Hatua ya tano: ndani

Mshono uliofumuka ushonwe kwa kufuata matundu yale yale ya sindano. Kiraka kikihitajika, kata kitambaa sehemu ya kiti isiyoonekana, kwa kuwa kitakuwa kimezeeka pamoja na kile cha juu. Sponji iliyosagika ibadilishwe, na kitambaa kirudi juu yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, je, naweza kupulizia vanishi isiyong'aa juu ya rangi iliyochakaa na kutu ili vyote vibaki kama vilivyo?

Jibu: Ndugu, nakusihi usifanye hivyo. Unyevu uliobaki ndani ya kutu huendelea kuila bati chini ya vanishi, na inapoanza kubanduka huwezi kuitoa bila kuondoka na rangi ya asili. Nta hupakwa tena kila baada ya miezi michache, lakini hutoka bila kuacha madhara.

Swali: Nimeshauriwa nipake mafuta ya kitani.

Jibu: Yanapendeza wiki za mwanzo, kisha hunata vumbi na kugeuka manjano. Zaidi ya hayo, matambara yaliyoloa mafuta hayo yakirundikwa hujipasha moto na kuwaka yenyewe. Kama umeshayatumia, yatandaze matambara nje yakauke au yatose ndani ya maji.

Swali: Mlango mmoja wa gari langu ulibadilishwa zamani na una rangi tofauti kidogo. Je, niuchakaze kwa msasa ufanane na mingine?

Jibu: Uache. Mlango huo una historia yake ya kweli, na alama ya kubuni haina. Ukiusafisha na kuupaka nta pamoja na mingine, tofauti itapungua bila udanganyifu wowote.

Swali: Yangu ni Morris Minor Traveller yenye mbao ubavuni. Mbao zimekuwa nyeusi kwenye maungio ya chini. Je, huo nao ni ukongwe wa kuhifadhi?

Jibu: Katika gari hilo, lililotengenezwa kuanzia 1953 hadi 1971, mbao za mti wa ash si pambo, ndizo kiunzi kinachoshikilia bodi ya nyuma. Weusi wa juujuu unaweza kusafishwa na kupakwa vanishi upya. Lakini bonyeza kwa ncha ya kisu, na kama inazama, kipande hicho kimekufa na lazima kibadilishwe, hata kama vipande vya jirani vitabaki na rangi yao ya asali.