Namna ya Kulinganisha Ubongo wa Panya Dume na Jike Wanaponusa Mkojo wa Dume

Mwongozo huu ni wa mtafiti anayetumia protini ya c-Fos, ambayo seli ya neva huitengeneza muda mfupi baada ya kusisimuliwa, ili kuona feromoni, yaani kemikali ambazo mnyama hutoa na huathiri wenzake wa aina yake, zinaamsha sehemu zipi za ubongo wa panya wa maabara. Kazi ya mikono si ngumu sana. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba tofauti itakayoonekana imetokana na jinsia na si jambo jingine. Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama kipatikane kwanza.

Hatua ya kwanza ni kuandaa panya. Chagua madume na majike wa ukoo mmoja na umri mmoja, ambao hawajawahi kupandana. Majike wanaokaa wengi pamoja bila dume huvurugika mzunguko wa uzazi, na mkojo wa dume huuamsha upya, kiasi kwamba wengi huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kuwa tayari kupandwa, siku ya tatu. Wapo wanaotumia mbinu hiyo ili kuwapata majike wa joto kwa wakati mmoja, lakini siipendekezi hapa, kwa sababu panya atakuwa ameshainusa harufu ile ile utakayompima nayo.

Hatua ya pili, ambayo haifai kuharakishwa, ni kujua jike yuko wapi katika mzunguko wake wa siku 4 hadi 5. Kila asubuhi, saa ile ile, weka tone la maji ya chumvi kwenye mlango wa uke kwa pipeti, livute tena, ulitandaze kwenye slaidi na ulitazame kwa hadubini. Seli bapa zisizo na kiini, zenye kingo zilizojikunja na kurundikana kama magamba, ni dalili ya joto. Seli nyeupe ndogo za damu zikitapakaa, jike yuko katika kipindi cha utulivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kipindi hicho projesteroni, homoni ya uzazi, huzizuia seli za ogani ya vomeronaza, kiungo cha kutambua feromoni kilicho ndani ya pua, zisiitikie protini za mkojo wa dume. Kwa hiyo gawa majike katika makundi mawili, na madume nao washikwe kila asubuhi, maana kushikwa kwenyewe huweza kuamsha c-Fos.

Hatua ya tatu: changanya mkojo wa madume kadhaa, udondoshe kwenye pamba, na kundi la kulinganishia lipewe pamba yenye maji. Panya aachwe aiguse pamba kwa pua, kwani protini kama darsini, feromoni iliyo katika mkojo wa dume, hazipeperuki hewani.

Hatua ya nne: baada ya dakika 90, panya akiwa katika usingizi mzito wa dawa, pitisha paraformaldehidi (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 4 katika mishipa yake ya damu, kisha kata ubongo vipande vya maikromita 40 na uvitie kingamwili inayoshikamana na c-Fos ili seli zilizoamshwa zionekane.

Hatua ya tano ni kuhesabu, na anayehesabu asijue kipande ni cha nani. Usiishie kwenye balbu ya kunusia, sehemu ya mbele ya ubongo inayopokea taarifa za harufu. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2010 kwamba ESP1, peptidi (protini fupi) ya machozi ya dume, hupokewa na kipokezi kimoja tu, V2Rp5, lakini taarifa yake husafirishwa kwa namna tofauti katika dume na jike inapofika kwenye amigdala na haipothalamasi, sehemu za ndani ya ubongo zinazohusika na hisia na tabia za uzazi. Baadhi ya sehemu hizo ni kubwa zaidi kwa dume, hivyo ripoti msongamano wa seli pamoja na idadi yake.

Hatua ya sita: katika takwimu, pima mwingiliano wa jinsia na harufu, yaani kama athari ya harufu inatofautiana kati ya dume na jike, katika jaribio moja la takwimu. Kusema kwamba majike wameitikia na madume hawakuitikia, kwa majaribio mawili yaliyotenganishwa, hakuthibitishi kuwa wanatofautiana, ingawa makala nyingi huandikwa hivyo. Tofauti ikipatikana, rudia kwa panya waliohasiwa na kupewa homoni ile ile kwa kipimo kile kile: ikibaki, chanzo chake hakiko katika homoni za utu uzima, na cha kutafuta ni namna ubongo ulivyojengwa mapema zaidi.