Kupitia orodha ya moduli za kerneli ya Linux bila kuangusha mashine

Ukihitaji majina, ukubwa na hali tu za moduli (vipande vya msimbo vinavyopakiwa na kuondolewa kwenye kerneli, kiini cha Linux), soma faili la /proc/modules. Mimi huanzia hapo kila mara.

Ndani ya kerneli kwenyewe, hatari ni moduli kuondolewa huku bado umeshika anwani yake. Anza na rcu_read_lock() (inayolinda usomaji wa orodha), pita kwa list_for_each_entry_rcu(), ruka yoyote yenye MODULE_STATE_UNFORMED, maana haijakamilika. Hadi utakapoita rcu_read_unlock(), usilale hata kidogo, yaani usifanye chochote kinachoweza kusubiri: usiombe mutex (kufuli), wala kmalloc() (kuomba kumbukumbu) ya GFP_KERNEL.

Unataka kuitumia moduli baadaye? Ita try_module_get(), inayoizuia isiondolewe, kabla ya rcu_read_unlock(). Ikirudisha false, achana nayo. Ukimaliza, nakusihi, iachie kwa module_put(). Ukisahau, rmmod (amri ya kuondoa moduli) itagoma. Mafunzo ya zamani hushika module_mutex (kufuli ya orodha hiyo), lakini tangu toleo la 5.12 moduli haziwezi tena kuifikia.