SOMO: Namna ya kukagua jedwali la mechi ya pointi 100 za Wilt Chamberlain

Wakuu, salaam. Haipiti wiki bila mtu kuniuliza kama zile pointi 100 alizofunga Wilt Chamberlain katika mechi moja ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ni za kweli, nami namjibu kila mmoja peke yake. Leo naandika mara moja. Shika kalamu na daftari, maana ukikagua mwenyewe huhitaji kuniamini mimi wala mtu mwingine.

Mechi ni ya tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania: Philadelphia Warriors 169, New York Knicks 147.

Hatua ya 1. Andika wachezaji wa Warriors, timu ya Wilt, na vikapu vyao, walivyofunga kwa walivyojaribu, kisha mitupo huru (ile ya faulo, pointi moja kila mmoja):

Chamberlain 36/63, 28/32
Attles 8/8, 1/1
Meschery 7/12, 2/2
Arizin 7/18, 2/2
Rodgers 1/4, 9/12
Larese 4/5, 1/1
Conlin 0/4, hakupata mtupo huru
Ruklick 0/1, 0/2
Luckenbill hakujaribu chochote

Hatua ya 2. Jumlisha dakika za wachezaji kutoka jedwali kamili la mechi (hapa sikuziandika zote). Watu watano kwa dakika 48 ni 240, na lazima zitimie. Wilt na Rodgers walicheza zote 48.

Hatua ya 3. Vikapu mara mbili, ongeza mitupo huru. Wilt: 72 na 28, ni 100. Mstari wa pointi tatu haukuwepo NBA hadi msimu wa 1979-80, kwa hiyo usiutafute.

Hatua ya 4. Shuka chini: 100, 17, 16, 16, 11, 9. Jumla 169. Jedwali limefunga.

Hatua ya 5. Asilimia ya timu. Hapa tulieni, maana hapa niliwahi kuharibu. Nilikuwa natunza takwimu za timu yetu ya mtaani, na msimu mzima nilichukua asilimia ya kila mchezaji, nikajumlisha, nikagawa kwa idadi yao. Kocha akapanga kikosi kwa namba zangu. Dogo mmoja aliyeingia dakika za mwisho akafunga mtupo wake mmoja alihesabika na 100%, sawasawa na mtu aliyebeba timu kwa mitupo ishirini. Mfungaji wetu bora akawekwa benchi mechi mbili kwa sababu yangu, na nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Jaribu kosa hilo kwa Warriors uone. Wilt 57.1, Attles 100, Meschery 58.3, Arizin 38.9, Rodgers 25, Larese 80, Conlin 0, Ruklick 0. Gawa kwa nane: 44.9%. Sasa fanya inavyotakiwa: jumlisha vikapu vyote (63), gawa kwa majaribio yote (115). Unapata 54.8%. Tofauti ya karibu asilimia kumi, kwa jedwali lile lile!

Tahadhari mbili. Luckenbill hana asilimia kabisa. 0 kwa 0 si sifuri, mruke. Halafu 63 inatokea mara mbili: Wilt *alijaribu* mara 63, timu nzima *ilifunga* vikapu 63. Ukizichanganya utasema Wilt alifunga vyote.

Hatua ya 6. Robo kwa robo, Wilt: 23, 18, 28, 31. Jumlisha mwenyewe.

Mkimaliza, rudini kwenye mstari wa Attles. Majaribio nane, vikapu vinane, na mtupo huru mmoja aliopata akaufunga. Usiku ule hakukosa hata mara moja, na ni wachache wanaomtaja. Rodgers naye alitoa asisti 20, yaani pasi zilizozaa vikapu.

MASWALI

mdau_wa_kona: Mkuu, Wilt alipiga pointi tatu ngapi?

Hatua ya 3. Soma kwanza.

jembe77: Mechi haina video. Jedwali mtu yeyote anaweza kulitunga.

Haikuonyeshwa kwenye runinga, ni kweli. Lakini watu 4,124 walikuwa ukumbini, Harvey Pollack, mtunza takwimu wa Warriors, alikaa anahesabu, na sauti ya redio ya robo ya nne ipo hadi leo. Anayetunga jedwali apange vikapu, mitupo huru na dakika za timu mbili zikubaliane zote. Umejumlisha hata mstari mmoja, ndugu?

jembe77: Bado.

Basi tukutane ukishajumlisha.

mwalimu_wa_hesabu: Nimefanya upande wa Knicks, 147 imetimia. Nimeona Guerin wa Knicks ana mitupo huru 13/17 na Rodgers amejaribu 12. Mbona mingi?

Ahsante sana, hili ndilo swali nililolisubiri. Mwishoni Knicks walikuwa wakiwafanyia faulo wachezaji wengine ili mpira usimfikie Wilt, na Warriors nao wakafanya faulo ili waurudishe mpira haraka. Angalia pia Wilt mwenyewe: msimu ule alifunga mitupo huru kwa 61.3% tu, akirusha kutoka chini kwa mikono miwili, lakini usiku ule 28 kwa 32, yaani 87.5%. Angetupa kwa kawaida yake, mia isingefika.

mgeni_mpya: Kwa hiyo Wilt hakuzuia mtupo hata mmoja? Safu haipo.

Haipo kwa sababu NBA ilianza kuhesabu hizo msimu wa 1973-74. Nafasi tupu si sifuri.

dada_kikapu: Kaka, nimejaribu kwa Kobe Bryant wa Lakers, mechi yake ya pointi 81, tarehe 22 Januari 2006: 28/46, pointi tatu 7/13, mitupo huru 18/20. Napata 95 badala ya 81. Nakosea wapi?

Umefanya vizuri kuleta hesabu yako, dada. Zile saba zimo tayari ndani ya 28, nawe umezihesabu mara ya pili. Kila moja iongezee pointi moja tu: 56, 7 na 18. Ni 81.

dada_kikapu: Imekubali! Na nikitaka kuandika mechi za ligi yetu ya mkoa?

Muwe wawili. Mmoja asiondoe macho uwanjani, ataje kwa sauti namba ya jezi na tukio. Mwingine aandike bila kuinua kichwa. Tumia penseli, na kila robo ikiisha linganisheni jumla na ubao kabla filimbi haijalia tena.