Kabla hujafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, andaa nyumba na mazoea

Anza na kutafuna. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, kaa mezani na kijiko kidogo, tafuna hadi chakula kilainike kabisa, kisha weka kijiko chini kabla ya kuchota tena. Mlo uchukue dakika 20 au 30. Utaona ilivyo vigumu, na heri uone sasa. Katika upasuaji wa kulipunguza tumbo likabaki jembamba kama mrija, karibu asilimia 80 yake huondolewa. Katika ule wa kuunganisha utumbo na kifuko kidogo cha juu, kifuko hicho hubeba takribani mililita 30, sawa na vijiko viwili vikubwa. Tonge lililomezwa kwa pupa hukwama humo, ukaumwa kifua na kutapika.

Kunywa nako hubadilika. Maji na chakula havitaandamana tena: utasubiri kama nusu saa baada ya kula, kisha utakunywa funda dogo dogo kutwa nzima hadi ufikishe lita moja na nusu au zaidi. Zoea mapema kutembea na chupa, kwa sababu wengi wanaorudishwa hospitalini siku za mwanzo huwa wamepungukiwa na maji mwilini. Vinywaji vyenye gesi viache sasa.

Jikoni utahitaji blenda na vibakuli vidogo. Utaanza na vimiminika, vifuate vyakula vilivyosagwa, halafu laini, na kurudi kwenye chakula cha kawaida huchukua wiki 6 hadi 8 hivi. Ratiba ya wataalamu wako ndiyo ya kufuata. Protini hutangulia kila mlo, kwa kawaida gramu 60 hadi 80 kwa siku. Usinunue makopo mengi ya unga wa protini wa ladha moja. Ulimi hubadilika baada ya upasuaji, na ulichokipenda huenda kikakuchefua.

Kwenye dawa naomba utulie kidogo, maana hapa ndipo madhara hujificha. Mpelekee daktari orodha ya kila unachomeza. Dozi za sukari na presha huenda zikahitaji kupunguzwa ndani ya siku chache. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake huweza kuleta vidonda vya tumbo, hasa kama utumbo umeunganishwa upya, kwa hiyo uliza mapema utatumia nini kichwa kikiuma. Vitamini na madini ni vya maisha yote, viweke kwenye bajeti kama unavyoweka kodi ya nyumba. Madini ya chuma na kalsiamu vipishane kwa saa mbili. Mwanamke ajue kwamba uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba huweza kupanda, ilhali hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visitegemewe kama zamani, basi njia nyingine ichaguliwe kabla.

Tafuta wa kukubebea vitu vizito, na mtoto pia, kwa wiki 4 hadi 6.

Zungumza na unaoishi nao. Mpishi wa nyumba aelewe kwamba sahani ikibaki nusu hujamdharau. Na kama chakula ndicho kilichokuwa kikikutuliza ukiwa na huzuni, tafuta mshauri nasaha kabla ya kupasuliwa, kwa sababu huzuni haikatwi pamoja na tumbo. Usiihamishie kwenye pombe: baada ya upasuaji hupanda haraka kichwani, na wapo waliotumbukia kwenye ulevi kwa njia hiyo. Waambie pia kwamba nywele huweza kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, ngozi italegea, na mizani itasimama wiki nzima bila wewe kukosea lolote.

Mwisho, bandika ukutani namba ya simu ya hospitali pamoja na dalili hizi: moyo kwenda mbio, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba, kutapika kusikokoma. Mwoneshe kila mtu mzima nyumbani, na mkubaliane kwamba ikitokea hata moja usiku, hakuna kusubiri kukuche.