Namna ya Kufundisha Katiba ya Komoro Darasani Mtwara

Usianze na vifungu. Panga korosho nne mezani ziwe visiwa vya Ngazidja, Nzwani, Mwali na Mayotte, kisha uisogeze pembeni ya mwisho, iliyobaki chini ya Ufaransa baada ya uhuru wa 1975.

Kaa zaidi kwenye mwaka 1997, Nzwani ilipojitangazia kujitenga, kwani mgogoro huo ndio uliozaa katiba ya 2001 na urais wa kupokezana baina ya visiwa. Wakumbushe wanafunzi kwamba askari wa Tanzania walishiriki kumng'oa Mohamed Bacar, kiongozi wa Nzwani, mwaka 2008. Hapo hata wasinziaji huamka.

Malizia na marekebisho ya 2018, yaliyoutaja Uislamu kuwa dini ya dola na kumruhusu rais mihula miwili mfululizo.