SOMO: Kuingiza miziki yako yote kwenye kadi ya GB 8 bila kufuta hata wimbo mmoja

Wakuu habari zenu. Kuna watu humu wana hadi disk imejaa taarabu, dansi, sebene za Kongo, kaswida na bongo fleva, halafu cha kusikilizia njiani ni kiswaswadu au kile kiredio cha kuchomeka memori kadi. Kadi ikijaa mtu anaanza kufuta. Jamani msifute, hasa miziki ya zamani, kuna rekodi ukiipoteza leo huipati tena popote. Tunachofanya ni kutengeneza kopi nyepesi ya kutembea nayo, orijino zinabaki nyumbani zilivyo.

Kwanza acha kuhesabu nyimbo, hesabu dakika. MP3 ya bitireti (kiasi cha data kinachotumika kila sekunde, kwa kilobiti) 320 inakula MB 2.4 kila dakika, ya 128 haifiki hata MB 1. Taarabu ya dakika 12 kwa 320 ni karibu MB 29, ukiishusha 128 inakuwa kama 11 na nusu. Kwa hiyo kadi ya GB 8 ikijaa nyimbo za 320 unapata kama saa 55 za muziki, kwa 128 unapata kama saa 138. Ndo maana mpenzi wa taarabu kadi inamjalia mapema kuliko wa bongo fleva ingawa nyimbo zake ni chache.

HATUA YA 1: Pima kadi. Mitaani kadi feki zimejaa, imeandikwa GB 64 kumbe ndani ni 8, inapokea mafaili vizuri tu halafu ukija kucheza hayafunguki. Kompyuta ya Windows tumia programu ya H2testw, ya Linux tumia F3, inaandika kadi nzima na kuisoma tena, ikileta makosa irudishe ulikoinunua siku hiyohiyo.

HATUA YA 2: Punguza uzito usio muziki. Wimbo uleule uko kwenye folda tatu, baki na mmoja kwenye kopi. Halafu picha za kava, hizi watu hawazioni kabisa, picha ya KB 500 kwenye nyimbo 2000 ni GB 1 nzima imeenda na kioo cha kiswaswadu hata hakiionyeshi. Programu ya Mp3tag inazitoa zote kwa mkupuo, ila zitoe kwenye kopi tu.

HATUA YA 3: Gawa mafungu mawili, na hapa ndo penye siri yenyewe. Rekodi nyingi za zamani ni mono, yani sauti ya kushoto na kulia ni ileile. Santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 ni mono, na kanda nyingi za dansi za redioni ni hivyohivyo. Ukiziweka stereo 320 unajaza nafasi bure. Weka mono, bitireti 64 isiyobadilika, inatosha, dakika moja inakula nusu MB tu. Nasema isiyobadilika kwa sababu zile kelele za mkwaruzo, ukiiachia programu ijipangie yenyewe, inazihesabu kama muziki na faili linavimba. Miziki ya kisasa weka stereo (kushoto na kulia tofauti), tumia LAME, kitengenezaji cha MP3, kwenye kiwango cha V5, bitireti inapanda na kushuka yenyewe ikicheza kwenye 130 hivi, kwa hedifoni za kawaida na spika ndogo inasikika safi kabisa.

HATUA YA 4: Konveti. Mi napenda programu ya fre:ac, ni ya bure na inapiga folda nzima. Chagua LAME, weka bitireti kulingana na fungu, na HAKIKISHA folda ya kutolea ni tofauti na ya orijino. Washa iache ifanye kazi usiku.

HATUA YA 5: Fomati kadi (inafuta kila kilichomo) kwa mfumo wa FAT32 kisha hamisha folda mojamoja kwa mpangilio, maana viredio vingi vinacheza kwa kufuata faili lipi lilitangulia kuingia, sio kwa alfabeti.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nyimbo zangu nyingi ni 128 tayari, nikizipandisha 320 si zitakuwa nzuri zaidi?
Jibu: Hapana ndugu yangu, kilichokatwa hakirudi, utapata faili kubwa zaidi ya mara mbili na sauti ileile. Ziache zilivyo.

Swali: Nasikia Opus, aina nyingine ya faili la muziki, ni ndogo kuliko MP3, kwa nini umeiruka?
Jibu: Ni kweli, Opus ya 96 inasimama vizuri na MP3 ya 128, na kama unatumia simu janja itumie tu. Ila viswaswadu na viredio vingi havijui Opus. Jaribu wimbo mmoja kwanza kwenye kifaa chako.

Swali: Nitajuaje wimbo ni mono kama faili linasema stereo?
Jibu: Vaa hedifoni, sikiliza sikio moja halafu jingine. Kama gitaa na sauti ya mwimbaji viko palepale hakuna kilichohama, ni mono. Kwa uhakika zaidi ufungue kwenye programu ya Audacity, tenganisha pande mbili, geuza upande mmoja kwa Invert kisha changanya pande zote kuwa mono, ukibaki ukimya basi zilikuwa sawa.

Swali: Kaswida na mawaidha je?
Jibu: Mawaidha ni mtu anaongea, mono 48 inatosha. Kaswida ya dufu usishuke chini ya 64, sauti zake za juu zikikatwa dufu linapoteza ule mlio wake.